Chipukizi wa vikapu na deni wasilolikopa

Mtoto mrefu huonekana kwa mbali. Katika Dabaso, wadi ya Kaunti ya Kilifi iliyo baina ya msitu wa Arabuko-Sokoke na hori la Mida, kijana wa miaka 14 ambaye kichwa chake kimewapita walimu wake hahitaji kutafuta watu wa kumtazama. Watu humwona wenyewe, wakamtaja, na mara wakaanza kumtafutia kazi inayolingana na urefu ule. Zamani aliambiwa kwamba atafaa langoni katika soka. Siku hizi anaambiwa kwamba atafaa katika mpira wa vikapu, na maneno hayaishii hapo: anaambiwa atafika Marekani.

Kauli hiyo hutolewa kwa nia njema, wala si ndoto tupu. Wapo vijana wa Afrika Mashariki waliofika katika ligi kuu ya mpira wa vikapu ya Marekani, NBA, na wakabadilisha maisha yao na ya jamaa zao. Hata hivyo, ndani ya kauli hiyo mna mtego ambao wazazi, walimu, viongozi na vyombo vya habari hawajaupima vilivyo.

Mtego wenyewe ni huu. Urefu huonekana kwa siku moja, ilhali ujuzi huchukua miaka. Sifa hufuata kile kinachoonekana, na ujuzi hubaki nyuma ukijikokota. Pengo lililopo baina ya sifa na ujuzi hugeuka deni, na deni hilo hutozwa mtoto ambaye hakulikopa.

Mfano ulio karibu zaidi na wasemaji wa Kiswahili ni wa Hasheem Thabeet Manka, mzaliwa wa Dar es Salaam. Alizaliwa Februari 1987, na hakuanza kucheza mpira wa vikapu hadi alipokuwa na umri wa miaka 15. Miaka saba baadaye, mnamo Juni 25, 2009, klabu ya Memphis Grizzlies ilimteua wa pili miongoni mwa vijana wote waliokuwa wakisubiri kuingia NBA mwaka huo. Hakuna Mtanzania mwingine aliyekuwa amefika huko kabla yake.

Safari yake ilikuwa ya kasi isiyo ya kawaida. Kutoka Dar es Salaam alihamia Marekani, akasoma katika shule ya Cypress Christian mjini Houston, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut. Huko alicheza kwa misimu mitatu. Akiwa na kimo cha mita 2.21, kazi yake ilikuwa kulinda kikapu, na aliifanya vyema hata akatawazwa mlinzi bora wa ligi ya vyuo ya Big East kwa miaka miwili mfululizo, 2008 na 2009. Katika mwaka huo wa mwisho timu yake ilifika nusu fainali ya kitaifa.

Hadi hapo kisa hicho kilisimuliwa kama ngano yenye mwisho mwema. Lakini waliomfuata katika orodha ya 2009 hawakuwa watu wa mchezo. James Harden aliteuliwa wa tatu. Stephen Curry aliteuliwa wa saba. Wote wawili waliibuka kuwa miongoni mwa wachezaji wakubwa wa kizazi chao, na tangu hapo jina la kijana wa Dar es Salaam halikutajwa tena peke yake. Kila Curry alipofunga, kuna mtu mahali fulani aliyemkumbuka Thabeet.

Katika msimu wake wa kwanza Thabeet alipata wastani wa pointi tatu hivi kwa mechi. Februari 2010, kabla hata msimu huo haujaisha, alipelekwa katika timu ya Dakota Wizards ya ligi ya makuzi. Wakati huo hakuna mchezaji aliyeteuliwa katika nafasi ya juu kama yake aliyekuwa amewahi kushushwa huko. Mwaka uliofuata akahamishiwa Houston Rockets, mwaka 2012 akaenda Portland, kisha Oklahoma City, ambako alikaa hadi 2014. Alipoondoka NBA alikuwa amecheza mechi 224 kwa wastani wa pointi 2.2. Waandishi wa Marekani hawakukawia kumweka katika orodha zao za chaguo mbovu zaidi katika historia ya ligi hiyo.

Swali linalopaswa kuulizwa ni hili: alishindwa nini hasa? Kijana ambaye hakuushika mpira hadi umri wa miaka 15 alidumu misimu mitano katika ligi ngumu kuliko zote duniani. Baadaye alicheza Japan na Taiwan, akarudi kucheza nyumbani Dar es Salaam akiwa mtu mzima. Lau angeteuliwa wa 30, takwimu zizo hizo zingeitwa ufanisi, na watoto wa Tanzania wangefundishwa kisa chake kama mfano wa bidii.

Mchezaji ni yuleyule na mechi ni zilezile. Kilichotofautiana ni nambari mbili, na nambari hiyo hakujipa mwenyewe. Alipewa na watu wazima waliolipwa mishahara minono ili wapime vipaji. Walioikosea hesabu wao waliendelea na kazi zao au wakapata nyingine, lakini aliyebaki na jina la kosa ni kijana aliyepimwa. Hilo ndilo deni lisilokopwa.

Kisa cha pili ni cha hivi majuzi, na kinaonyesha kwamba mambo yanaweza kufanywa kwa mpango zaidi, ingawa uzito wenyewe haupungui. Khaman Maluach alizaliwa Sudan Kusini mnamo Septemba 2006 na akalelewa Uganda, ambako familia yake ilikimbilia usalama. Alianza mpira wa vikapu mwaka 2019, na inafahamika kwamba mazoezi yake ya kwanza aliyafanya akiwa amevaa Crocs kwa kukosa raba za kuchezea. Kutoka Kampala alichukuliwa na chuo cha mafunzo cha NBA kilichoko Saly, nchini Senegal, ambako vijana hufunzwa mchezo huku wakiendelea na masomo.

Mwaka 2023, akiwa na umri wa miaka 16, alicheza Kombe la Dunia. Mwaka 2024, akiwa na miaka 17, alikuwa jijini Paris kwa Michezo ya Olimpiki na timu ya Sudan Kusini, taifa lililopata uhuru wake mwaka 2011. Wiki chache kabla ya michezo hiyo kikosi hicho kilikuwa kimeipeleka Marekani ukingoni katika mechi ya kirafiki jijini London, kikashindwa kwa pointi moja tu, 101 kwa 100. Kijana huyo hakuwa amebeba mpira pekee. Alibeba bendera ya nchi changa na matumaini ya watu waliotawanywa na vita.

Baadaye alijiunga na Chuo Kikuu cha Duke. Aprili 2025, Duke iliposhindwa na Houston kwa pointi 70 kwa 67 katika nusu fainali ya kitaifa, Maluach hakupata ribaundi hata moja. Kwa mchezaji mwenye kimo cha mita 2.18, takwimu hiyo ilikuwa chambo kitamu kwa wachambuzi, na sifuri ile ikazungushwa mitandaoni kana kwamba ndiyo historia yake yote. Alikuwa na umri wa miaka 18, na ndio kwanza alikuwa ametimiza takriban miaka sita tangu aujue mchezo. Juni mwaka huohuo aliteuliwa wa 10, na haki zake zikaenda kwa Phoenix Suns.

Tofauti kati ya visa hivi viwili inafaa kutazamwa kwa makini. Kabla ya kuonyeshwa kwa ulimwengu, Maluach alipata miaka kadhaa katika mahali penye walimu, madaktari na ratiba. Pengo baina ya sifa na ujuzi halikufutika, lakini lilijazwa kiasi. Thabeet alilazimika kulijaza akiwa tayari jukwaani, taa zote zikiwa zimemwelekea.

Kuna mzigo mwingine unaowaelemea vijana wa kanda hii pekee, nao ni shaka. Mwaka 2016, Thon Maker, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekulia Australia, alipokuwa akisubiri kuteuliwa, uvumi ulienea kwamba alikuwa ameuficha umri wake wa kweli. Aliteuliwa wa 10 na Milwaukee Bucks, lakini minong'ono ilimfuata. Hati za kuzaliwa katika nchi zilizopitia vita ni adimu, na udanganyifu wa umri katika michezo ya vijana ni jambo linalojulikana hata Kenya. Wanaoumia ni wale wasiodanganya: kijana hulazimika kuuthibitishia ulimwengu kwamba yeye ni kijana, na papo hapo anahukumiwa kama mtu mzima.

Marekani yenyewe, iliyouanzisha mtindo huu wa kuwaanika watoto, ina ushahidi wa pande zote mbili. Februari 2002, jarida la Sports Illustrated lilimweka LeBron James katika ukurasa wake wa mbele akiwa mwanafunzi wa shule ya upili mwenye miaka 17, na kumtangaza kuwa mteule. Mwaka 2003 aliteuliwa wa kwanza, na akayatimiza yote yaliyotabiriwa na kupindukia. Oktoba 2019 jarida lilo hilo lilimweka Emoni Bates katika ukurasa huohuo akiwa na miaka 15. Bates aliteuliwa wa 49 mwaka 2023.

Mashabiki wengi humkumbuka wa kwanza na kumsahau wa pili. Hapo ndipo kosa linapozaliwa, maana mafanikio ya James hutumiwa kama kibali cha kuwaanika watoto wengine, ilhali yeye ni mmoja katika mamilioni. Baada ya miaka kadhaa ya vijana kurukia NBA moja kwa moja kutoka shule ya upili, ligi hiyo iliamua katika makubaliano yake ya 2005 kwamba mchezaji asiteuliwe kabla ya mwaka anaotimiza miaka 19. Kanuni hiyo ilipunguza haraka ya klabu, lakini haikupunguza haraka ya kamera.

Mwili nao una hesabu yake, na haukubali kuharakishwa na sifa. Kijana anaporefuka kwa kasi, mifupa hutangulia na misuli na kano hubaki zikivutwa. Ndiyo maana maumivu ya chini ya goti huwasumbua sana vijana wa umri wa kubalehe wanaoruka na kukimbia kila siku. Kijana huyo akiwa tegemeo la timu, mwalimu na mashabiki humtaka acheze hivyohivyo. Anayesema anaumwa huambiwa amelegea.

Mwaka 2015, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilichapisha tamko la wataalamu kuhusu makuzi ya wanamichezo chipukizi. Lilihimiza kwamba watoto wacheze michezo mbalimbali, na kuonya dhidi ya kuwafunga mapema katika mchezo mmoja. Mwaka uliofuata, NBA na shirikisho la mpira wa vikapu la Marekani zilitoa mwongozo kwa vijana ulioshauri kwamba mtoto asifungwe kwa mpira wa vikapu peke yake kabla ya kutimiza miaka 14. Ushauri huo unatoka kwa wale wale wenye faida kubwa zaidi ya kibiashara katika vipaji vya mapema. Wakisema wao kwamba haraka haifai, wa Kilifi hawana sababu ya kuwapita mbio.

Kuhusu akili na moyo, kimya kilivunjwa mwaka 2018. Februari mwaka huo DeMar DeRozan, nyota wa Toronto Raptors, alifichua hadharani kwamba alikuwa akipambana na sononi. Machi, Kevin Love wa Cleveland akaandika jinsi alivyopatwa na mshtuko wa hofu katikati ya mechi Novemba 2017, akalazimika kuondoka uwanjani. Hao walikuwa watu wazima, matajiri, wenye madaktari wao. Kama mzigo uliwalemea wao, haihitaji hekima nyingi kukisia hali ya mwanafunzi wa bweni ambaye karo yake yote inategemea mechi ya Jumamosi.

Hapo ndipo mambo ya Memphis na Phoenix yanapofika Dabaso. Nchini Kenya mlango wa kipaji ni shule. Mashindano ya shule za sekondari huanzia katika kaunti ndogo, yakapanda hadi kaunti, kisha kanda, na hatimaye kitaifa. Washindi huiwakilisha nchi katika michezo ya shule za Afrika Mashariki, FEASSSA. Mwanafunzi wa Kilifi anayetaka kuonekana hana budi kupita ngazi hizo, na kabla ya kufika Nairobi ni lazima apambane na wenzake wa Mombasa, Kwale na kaunti nyingine za Pwani.

Pwani si ngeni katika mchezo huu. Shule ya wasichana ya Kaya Tiwi, katika Kaunti ya Kwale, imewahi kutwaa ubingwa wa kitaifa wa mpira wa vikapu wa wasichana, na kuthibitisha kwamba si lazima mtoto wa Pwani ahamie bara ili atambulike. Wala ndoto ya ng'ambo si ya wavulana pekee. Madina Okot, aliyeichezea Zetech na timu ya taifa ya Kenya, alijiunga na Chuo Kikuu cha Mississippi State mwaka 2024, na mwaka uliofuata akahamia South Carolina, mojawapo ya timu kubwa zaidi za vyuo katika mpira wa vikapu wa wanawake. Kila habari ya aina hiyo ikifika kijijini, mtoto mrefu hutazamwa upya.

Aidha, mfumo mpya wa elimu umeipa michezo hadhi ambayo haikuwa nayo. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walijiunga na sekondari pevu Januari 2026, na mojawapo ya mikondo mitatu wanayoichagua ni wa sanaa na michezo. Hiyo ni hatua njema. Lakini inamaanisha pia kwamba uamuzi ambao zamani ulifanywa kimyakimya, wa kumwambia mtoto kwamba riziki yake iko miguuni na mikononi, sasa unafanywa rasmi akiwa na miaka 15 hivi.

Katika maeneo kama Dabaso, ambako familia nyingi huishi kwa uvuvi, minazi, mashamba madogo na vibarua vya hoteli za Watamu ambavyo huja na kwenda na msimu wa watalii, ahadi ya karo si jambo dogo. Shule yenye timu kubwa ikimtaka mtoto na kuahidi kumsomesha, mzazi huona mlango umefunguka. Ni nadra kuuliza mlango huo utafungwa lini. Mtoto akivunjika kifundo cha mguu katika muhula wa pili, je, ataendelea kusomeshwa? Akishindwa kupanda kiwango, atarudishwa nyumbani kimyakimya? Mara nyingi hakuna karatasi inayojibu maswali hayo, kwa kuwa makubaliano yalifanywa kwa mdomo, kando ya uwanja.

Mzigo basi hubadilika sura. Mtoto aliyependa kucheza anakuwa kitega uchumi cha nyumba. Ndugu wanaomfuata wanangoja afike ili nao wasome. Akikosa mtupo mmoja mwishoni mwa mechi, hakosi pointi mbili tu. Anahisi amekosa karo ya mdogo wake na paa la mabati la mama yake. Wahenga walinena kwamba mkamia maji hayanywi, na mkono unaotetemeka kwa kukamia hauwezi kutumbukiza mpira kikapuni.

Lipo pia suala la mawakala. Pwani ya Kenya ina uzoefu mchungu wa wageni na ahadi. Utafiti wa serikali na UNICEF wa mwaka 2006 ulifichua jinsi watoto wa mwambao, pamoja na Malindi na Kilifi, walivyokuwa wakidhulumiwa kingono chini ya kivuli cha utalii. Funzo la wakati ule, kwamba ukarimu wa mgeni kwa mtoto wa maskini haufai kupokewa bila kuhojiwa, linahusu pia anayekuja na raba mpya na ahadi ya shule ya ng'ambo. Marekani kwenyewe, mwaka 2018, mwalimu mkuu wa shule moja ya kibinafsi mjini Charlotte alikiri kosa mahakamani baada ya kushtakiwa kuhusu makumi ya vijana wa kigeni, wengi wao wachezaji wa vikapu, waliokuwa wakiishi nchini humo kwa hati zilizodai kwamba walikuwa wanafunzi wake.

Si haki, hata hivyo, kuutazama upande mmoja tu wa mizani. Ipo hoja ya nguvu inayosema kwamba tatizo la mtoto wa Dabaso si kutazamwa mno bali kutotazamwa kabisa. Viwanja vya vikapu vijijini ni vichache, makocha waliofunzwa ni wachache zaidi, na vipaji vingi hufa bila jina. Lau Maluach hangeonekana, angebaki mtoto mkimbizi mrefu katika mitaa ya Kampala. Kuonekana ndiko kulikompa shule, lishe na pasipoti. Anayetaka watoto wafichwe ili wasiumie huenda anawanyima njia pekee waliyo nayo.

Hoja hiyo ni ya kweli, na kwa sababu hiyo jibu haliwezi kuwa kuwaficha watoto. Jibu liko katika utaratibu wa mambo: kipi kitangulie kipi. Uangalizi unapotangulia, yaani mwalimu, daktari, masomo na karatasi iliyotiwa saini, sifa zikija zitamkuta mtoto amesimama imara. Sifa zikitangulia, zitamkuta peke yake.

Sheria za nchi tayari zinauunga mkono utaratibu huo. Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inasema maslahi ya mtoto ndiyo yatakayopewa uzito wa kwanza katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Watoto ya 2022 inamlinda dhidi ya kuingiliwa faragha yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Ni wachache wanaojiuliza iwapo video ya mtoto wa miaka 14, yenye jina lake, shule yake na kijiji chake, ikitawanywa na mtu asiyemjua ili ajipatie wafuasi, inakwenda sambamba na masharti hayo.

Kutokana na hayo, yapo mambo yanayoweza kufanywa bila kungoja mabilioni. Shule inayomchukua mwanafunzi kwa ajili ya mchezo iandike mkataba na mzazi, katika lugha ambayo mzazi anaielewa, ukisema wazi kwamba ufadhili hautakoma kwa sababu ya jeraha au kushuka kiwango. Serikali ya kaunti, ambayo tayari hutoa basari, inaweza kulifanya hilo kuwa sharti kwa kila shule inayonufaika na fedha zake. Chama cha michezo ya shule kiweke kikomo cha mechi ambazo mtoto mmoja anaweza kucheza kwa siku katika mashindano, maana ratiba za sasa zinazobanwa katika siku chache huwachosha zaidi walio hodari, kwa kuwa ndio wasiotolewa uwanjani.

Wazazi nao wana wajibu. Anayekuja na ahadi ya ng'ambo aulizwe jina la shule, aombwe barua, na barua hiyo ipelekwe kwa mwalimu mkuu na afisa wa watoto kabla ya mtoto kufungashwa. Mgeni mwenye nia njema hatachukizwa na maswali.

Vyombo vya habari haviwezi kujitoa katika lawama hizi. Mwandishi hutafuta nyota mpya kwa sababu msomaji humtaka nyota mpya, na kichwa cha habari kinachosema "LeBron wa Pwani" huuza kuliko kinachosema kwamba mwanafunzi fulani anaendelea kujifunza kupiga pasi kwa mkono wa kushoto. Lakini jina kama hilo ni hundi iliyoandikwa kwa akaunti ya mtu mwingine. Mwandishi hulisahau baada ya wiki moja. Mtoto huishi nalo hadi siku atakaposhindwa kulilipa.

Msemo unaojulikana sana mwambao, ambako minazi ni mingi, ni ule wa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa kawaida huelekezwa kwa anayesifiwa ili asivimbe kichwa. Lakini mgema wa msemo huo ni mtu mzima aliyekwisha kupanda mnazi na kushuka na kibuyu. Chipukizi wa vikapu husifiwa angali chini, akiutazama mti. Kumlaumu baadaye kwamba sifa zilimharibu ni kuwasahau waliozitoa kabla ya wakati wake.

Februari 2021, mjini Yaoundé, Tylor Ongwae alitumbukiza mtupo wa mwisho ulioipa Kenya ushindi wa 74 kwa 73 dhidi ya Angola, na kuirejesha nchi katika mashindano ya Afrika baada ya miaka 28. Alikuwa akikaribia umri wa miaka 30. Alikuwa amepita katika vyuo visivyo na jina kubwa vya Marekani, akazunguka ligi za ng'ambo kwa miaka mingi, na kabla ya usiku ule Wakenya wengi hawakulijua jina lake. Sifa zilipomjia zilimkuta ameshajifunza kazi yake, na mkono wake haukutetemeka.

Huenda yupo Dabaso leo mtoto atakayefika alikofika Ongwae, au alikofika Maluach. Huenda pia hatafika, awe fundi, mwalimu au nahodha wa mashua, na asiwe amemkosea mtu yeyote. Wanaomtazama sasa ndio wenye uwezo wa kuhakikisha kwamba njia zote mbili zitabaki wazi kwake. Urefu alipewa na Mungu, lakini ahadi zilizotundikwa juu ya urefu huo zilitoka vinywani mwa watu wazima, na wao ndio wa kuzilipia.